Matone Yanayorudi: Ufundi Uliojificha Ndani ya Printa ya Wino ya Kiwandani

Printa inayoandika tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa ya maji hurusha makumi ya maelfu ya matone ya wino kila sekunde, na karibu yote hayaifikii chupa. Huruka sentimita chache hewani, huingia kwenye kijitundu kilicho mbele yake, kisha hufyonzwa na kurudishwa kwenye tangi yalikotoka. Anayeiona mashine hii kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi ya bure. Lakini humo ndimo ulimo ufundi wenyewe, na tangu miaka ya 1960 wavumbuzi wameuhangaikia wino unaorudi, si wino unaoandika peke yake.

Chanzo cha yote ni kukauka. Chupa hupita kwenye mkanda bila kusimama, maelfu kwa saa. Sekunde moja au mbili baada ya kuandikwa zitagongana, zitabanwa na mashine nyingine, zitapangwa kwenye katoni. Wino ukiwa bado mbichi, tarehe inafutika, na bidhaa isiyosomeka tarehe haina ruhusa ya kuingia sokoni: kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38, kinachohusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, kinadai tarehe hiyo iwepo. Plastiki, kioo na bati navyo havinywi wino kama karatasi. Kwa hiyo wino wa kiwandani huchanganywa na kiyeyushi kinachoruka hewani upesi sana, mara nyingi methili ethili ketoni, ambayo mafundi huiita MEK tu.

Sasa tazama mtego uliopo. Wino unaokauka upesi juu ya chupa hukauka upesi vilevile mdomoni mwa nozeli, kijitundu unakotokea. Printa ya mezani hutoa tone pale tu linapotakiwa, kisha hutulia. Ukiipa wino wa MEK, nozeli zake zitaziba kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Njia iliyopatikana kiwandani ni kutouachia wino nafasi ya kutulia. Mradi mashine imewaka, wino unatoka nozelini mfululizo, pawe na herufi ya kuandika au pasiwe.

Tupige hesabu ili ukubwa wa jambo uonekane. Chukua nozeli yenye kipenyo cha mikroni 60, yaani milimita 0.06, na wino unaotoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Vipimo hivi ni vya kawaida kwa mashine za aina hii. Mchirizi huo wa wino hukatika kuwa matone, na hukatika vizuri zaidi kila baada ya mikroni 270 hivi, kwa hiyo kila sekunde hupatikana matone yapatayo 74,000, kila moja likiwa na kipenyo cha takriban mikroni 113. Kwa saa moja ni matone milioni 266, sawa na mililita 200 za wino. Weka mbele yake laini ya chupa 10,000 kwa saa, kila chupa iandikwe herufi na tarakimu 20, kila moja itumie wastani wa matone 16. Matone yaliyotumika ni milioni 3.2. Hiyo ni asilimia 1.2 tu. Yaliyobaki, zaidi ya asilimia 98, yamerudi tangini. Mililita moja ya wino inatosha chupa kama 4,000, lakini mashine imelazimika kuzungusha mililita 200 kwa saa ili iweze kutoa zile mbili na nusu zinazohitajika.

Mchirizi unavyokatika

Fungua bomba la maji kidogo sana. Juu utaona uzi laini wa maji, chini uzi huo unakatika na kuwa matone. Mbelgiji Joseph Plateau, aliyefanya kazi hiyo akiwa ameshapoteza uwezo wa kuona, alieleza mwaka 1873 kwamba uzi wa kimiminika hauwezi kudumu ukiwa mrefu kuliko mzingo wake: mvutano wa uso wa kimiminika huubana mpaka ukatike. Miaka michache baadaye Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha kwamba mbano unaokua haraka kuliko mingine yote ni ule unaojirudia kila baada ya umbali wa mara nne na nusu ya kipenyo cha mchirizi. Ndiyo sababu nozeli ya mikroni 60 ikakupa mikroni 270.

Mchirizi ukiachwa ujikatie wenyewe, hukatika ovyo, tone kubwa hapa, dogo pale. Ila ukiutikisa kidogo kwa mapigo yanayolingana na umbali huo wa Rayleigh, unatii. Kila pigo tone moja, yote ya ukubwa mmoja, yote yakikatika mahali pamoja. Mtikisiko wenyewe hutolewa na kipande cha fuwele ya piezo kilichobandikwa nyuma ya nozeli, ambacho hujinyoosha na kujikunja kinapopewa umeme.

Mmoja wa watu wa kwanza kuutumia mchirizi wa wino kwenye mashine ya kibiashara hakuhitaji hata kuukata. Rune Elmqvist wa Sweden, daktari aliyegeukia uhandisi, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1951 ya kifaa cha kuchora mapigo ya moyo kwenye karatasi, ambamo nozeli nyembamba ilizungushwa kwa sumaku na mchirizi ukaandika bila kalamu kuigusa karatasi. Ni Elmqvist huyohuyo aliyetengeneza kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini mwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958. Nozeli yake, hata hivyo, ilikuwa na uzito, na chenye uzito hakigeuki haraka vya kutosha.

Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliondoa uzito huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akitafuta namna ya kurekodi mawimbi ya umeme yanayobadilika upesi kuliko kalamu yoyote inavyoweza kufuata. Nozeli yake ilitulia palepale. Kilichogeuzwa ni matone. Aliutikisa mchirizi ukatike kwa mpangilio, akaweka elektrodi ndogo, kipande cha kutilia umeme, mahali hasa tone linapojitenga, akaipa volti. Wino unapitisha umeme, kwa hiyo chaji huvutwa mpaka ncha ya mchirizi, na tone likikatika huondoka nayo, haina pa kurudi. Tone hilo likipita kati ya sahani mbili zenye tofauti ya volti elfu kadhaa hupindishwa, na kadiri chaji ilivyo nyingi ndivyo linavyopinda zaidi. Aliomba hataza mwaka 1964 na akaipata 1971. Kabla ya hapo, mwaka 1968, kampuni ya A. B. Dick ilikuwa imeshatoa Videojet 9600, mashine ya kwanza ya kibiashara ya kuandika herufi kwa njia hii. Mwaka 1978 Graeme Minto alitoka kampuni ya Cambridge Consultants, Uingereza, akaanzisha kampuni ya Domino, na teknolojia ikaenea kwenye viwanda vya vyakula na vinywaji duniani.

Kuna uamuzi mmoja wa enzi hizo unaostahili sifa kuliko unavyopewa. Wangeweza kupanga kwamba tone lisilo na chaji liandike na lenye chaji lirudi. Wakapanga kinyume: lisilo na chaji huenda moja kwa moja kwenye gata, kile kijitundu cha kurudishia, na lenye chaji ndilo huruka juu ya gata na kuifikia chupa. Faida yake ni kwamba umeme wa kupindishia ukizimika ghafla, wino wote unaingia kwenye gata na hakuna chupa inayochafuka. Hitilafu imepewa njia salama tangu mwanzo.

Herufi kwa karibu

Piga picha ya tarehe iliyo kwenye chupa, kisha uikuze kwenye simu. Utaona nukta, kwa kawaida safu saba kwenda juu na tano kwenda upande kwa kila tarakimu. Printa haijui kwenda upande. Inajua kupindisha tone juu na chini tu, na mwendo wa mkanda ndio unaotandaza safu kando ya nyingine. Kwa sababu hiyo kuna kifaa kinachogusa mkanda na kuhesabu mwendo wake. Kikiteleza, tarakimu zinabanana au zinatawanyika. Na ukikuta maandishi yamerefuka kwenda juu kuliko kawaida, kichwa cha printa kimesogezwa mbali na chupa, kwani matone huzidi kuachana kadiri yanavyosafiri. Umbali mzuri ni kama milimita 12.

Huenda ukaona pia nukta moja imekaa kombo. Hapo ndipo ulipo ugumu uliowasumbua wahandisi kwa miaka mingi. Matone mawili yenye chaji ya aina moja husukumana. Tone lililotangulia huipasua hewa, na linalofuata hupata wepesi, kama mwendesha baiskeli anayejificha nyuma ya mwenzake, hivyo hulikaribia la mbele na hata kuungana nalo. Zaidi ya hayo, tone lililoondoka na chaji huathiri kiasi cha chaji kinachoingia kwenye tone linalozaliwa nyuma yake. Ukiipa kila nukta volti zinazotoka kwenye hesabu rahisi, herufi inavurugika.

Suluhisho limekuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuacha matone ya ulinzi, yaani baada ya kila tone linaloandika, tone moja au zaidi hupitishwa bila chaji na kwenda kwenye gata, ili yanayoandika yasikaribiane. Ubora unapanda, kasi inashuka. Ya pili ni hesabu: mashine hutazama matone yaliyotangulia na kurekebisha volti za tone linalofuata kulingana na historia hiyo. Kompyuta ndogo zilipokuwa nafuu ndipo njia hii ikawa na nguvu, na hataza nyingi za fani hii zinahusu hapa hapa: tone lipi liende lini, kwa volti ngapi, na kwa mpangilio upi ndani ya safu, ili mkanda uende kasi bila herufi kuharibika.

Kuna pia suala la wakati. Volti lazima iwe imetulia kwenye elektrodi katika nukta hasa ya tone kukatika. Mashine ikikosea kwa sehemu ndogo ya mzunguko mmoja, ambao wenyewe ni sekunde moja igawe kwa 74,000, tone huondoka na chaji nusunusu. Joto la mchana likibadilika, wino unabadilika, na mahali pa kukatikia panasogea. Kwa hiyo katikati ya chupa moja na nyingine printa hujipima: inatia chaji ndogo za majaribio kwa nyakati tofauti za mzunguko, kitambuzi kinasoma wakati upi umefaulu, na mashine inachagua. Opereta haoni chochote.

Fundi yeye huona. Akifungua kifuniko cha kichwa, taa ndogo humulika mchirizi kwa mapigo yanayolingana na matone, nayo yanaonekana yamesimama hewani. Anatafuta sura moja: shingo nyembamba inayokatika safi. Anachokichukia ni vijitone vidogo vinavyozaliwa kwenye shingo hiyo kati ya tone na tone. Vijitone hivyo ni vyepesi na hubeba chaji nyingi kwa uzito wake, basi hupinda kupita kiasi na kutua kwenye sahani za volti kubwa. Baada ya siku kadhaa sahani inapata ukoko mweusi, umeme unatafuta njia kupitia ukoko huo, na mashine inajizima katikati ya uzalishaji. Kurekebisha nguvu ya mtikisiko ili vijitone viungane upesi na tone kubwa ni kazi ambayo zamani ilitegemea jicho la fundi. Mashine nyingi za sasa hufuata jedwali la joto lililohifadhiwa ndani yake.

Gata, hewa na MEK

Sasa turudi kwa ile asilimia 98. Gata haivuti wino peke yake. Ili tone lisimwagike, mfyonzo lazima uwe mkubwa, na pamoja na wino huingia hewa nyingi sana. Hewa hiyo husafiri na wino ndani ya bomba la kurudishia, ikijaa mvuke wa MEK njia nzima, na ikifika tangini lazima itolewe nje. Kila pumzi inayotoka inabeba kiyeyushi. Wino unaobaki unakuwa mzito, mashine inaongeza kiyeyushi kutoka kwenye chupa yake, nacho kinaruka tena. Ndiyo maana viwanda vingi hununua kiyeyushi kingi kuliko wino. MEK huchemka kwenye nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo katika kiwanda cha Dar es Salaam mwezi Februari upotevu ni mkubwa kuliko kwenye chumba kilichopozwa. Mvuke huo hushika moto kwa urahisi na huwasha macho na koo za wanaokaa karibu na laini. Kwa maoni yangu huu ndio uwanja ambapo uvumbuzi una faida ya wazi zaidi kwa binadamu, ingawa matangazo ya mashine huzungumzia zaidi kasi.

Wazo zuri kuliko yote hapa ni rahisi kulieleza. Badala ya kuitoa nje hewa iliyoshiba mvuke, irudishe kwenye kichwa cha printa na kuipulizia karibu na gata. Gata itaivuta hewa ileile, na kwa kuwa imeshashiba, haiwezi kubeba kiyeyushi zaidi. Mzunguko wa hewa unafuatana na mzunguko wa wino. Njia nyingine ni kuipitisha hewa inayotoka kwenye kipoozeo kidogo cha umeme, mvuke ugeuke kimiminika na kurudi tangini. Hiyo inafaa, ila kwenye pwani yenye unyevu lazima mtengenezaji afikirie pia maji, maana unyevu wa hewani nao hugeuka maji kwenye kipoozeo hicho, na maji ndani ya wino wa MEK huharibu mchanganyiko. Wengine wamepunguza mfyonzo wenyewe, uvute kiasi kinachotosha tu kulingana na hali ya wino wakati huo.

Mashine itajuaje kwamba wino umekuwa mzito? Baadhi zina bomba dogo lililosimama, ndani yake mpira wa chuma unaozama kwenye wino; muda wa kuzama ndio kipimo cha mnato. Nyingine hupima kasi ya tone lenyewe kwa vitambuzi viwili vilivyopangwa njiani, kisha hutazama ni presha kiasi gani imehitajika kufikia kasi hiyo. Presha ikipanda wakati joto ni lilelile, wino umekuwa mzito, ongeza kiyeyushi. Naona njia ya pili ni bora, kwa sababu inapima kitu ambacho kweli kinahusika na uandishi, yaani mwendo wa tone.

Kisha kuna kuzima. Mashine za zamani zilikuwa mateso ya kila asubuhi: fundi na chupa ya kiyeyushi, anasafisha nozeli iliyoziba, laini nzima ikimsubiri. Mashine za kisasa hujisafisha zikizimwa kwa utaratibu. Vali zinaukata wino, kiyeyushi safi kinapitishwa kwenye nozeli, mfyonzo unavuta mabaki kurudi ndani, na bomba la gata linakaushwa. Lakini utaratibu huo unahitaji dakika kadhaa za umeme. Umeme ukikatika ghafla, wino unabaki mdomoni mwa nozeli na kuanza kukauka hapohapo. Kiwanda kilicho mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara kitaokoa nozeli nyingi kwa kuiwekea printa betri ndogo ya akiba kuliko kwa kununua mashine ya bei zaidi.

Kuhusu chujio, pampu na vali, jambo kubwa la miaka ya karibuni ni kuvikusanya pamoja ndani ya kipande kimoja kinachobadilishwa kwa ratiba, bila fundi wa kampuni kuitwa. Katriji za wino nazo zina chipu inayozuia mtu kuweka wino usiolingana. Kinga hiyo ina maana, kwani wino mbaya unaweza kuua mashine nzima. Ila chipu hiyohiyo inamfunga mwenye kiwanda kwa muuzaji mmoja, na mnunuzi apige hesabu ya wino wa miaka mitano kabla ya kusaini.

Mzunguko ulipohamia kwingine

Teknolojia hii haikubaki kwenye nozeli moja. Mwaka 2008 Kodak ilionyesha mfumo wake wa Stream kwa uchapaji wa karatasi kwa kasi, ambamo nozeli nyingi zimetengenezwa kwenye silikoni na kila moja ina kipashio kidogo cha joto mdomoni. Joto ndilo hukata mchirizi, na muda kati ya mapigo huamua tone liwe kubwa au dogo. Hewa inayovuma kutoka upande huyatenganisha: kundi moja hufika kwenye karatasi, jingine hurudi tangini.

Hata wapinzani wa mchirizi mfululizo waliishia kuazima mzunguko wake. Viwanda vya vigae vya Castellón, Hispania, vilitaka kuchapa nakshi kwa vichwa vinavyotoa tone pale tu linapohitajika, lakini wino wa vigae una chembe nzito za rangi zinazotuama, na nozeli zilikuwa zikikosa kurusha na kuacha mistari mitupu kwenye kigae. Mwaka 2007 kampuni ya Xaar ya Cambridge ilitoa kichwa cha Xaar 1001, ambamo wino unapita mgongoni mwa nozeli bila kukoma, hata nozeli ikiwa haina kazi. Mkondo huo hubeba vipovu vya hewa na chembe zilizotaka kutuama na kuzirudisha kwenye mfumo, na mara nyingi nozeli iliyokosa kurusha huanza tena kazi yenyewe bila mashine kusimamishwa.